Novemba si mwezi wa kurudi

Nikisema kwamba kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kusindikiza misafara ya wakimbizi wa Burundi kutoka kambi za Kigoma kurudi kwao, watu huniuliza: walirudi kwa hiari? Swali ni la haki na nitalifikia. Ila kuna swali jingine ambalo sijawahi kuulizwa na mtu asiye mkulima. Mama yangu, ambaye hadi leo analima maharage Kasulu, aliniuliza siku ile ile nilipomweleza kazi yenyewe: "Sasa mnawapeleka mwezi gani?" Nikamjibu kwamba tunapeleka mwaka mzima, misafara ikipangwa tunakwenda. Akanitazama kama mtu aliyesikia mwanawe anapanda mahindi mwezi wa sita.

Mimi ni Muha. Kiha na Kirundi vinasikilizana, kwa hiyo kambini sikuhitaji mkalimani. Lakini kusikia maneno ni jambo moja, na kumwelewa mama yangu kulinichukua karibu mwaka.

Kwanza historia kidogo, kwa wasioijua. Burundi ina kilomita za mraba 27,834 na watu zaidi ya milioni 12, wengi wao wanaishi kwa jembe. Wakimbizi wake wametoka kwa mawimbi. Wa 1972, mwaka wa mauaji ambayo wenyewe wanayaita ikiza, walipelekwa kwenye makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo hapa Tanzania, wakapewa mashamba, wakazaa watoto waliosoma shule za Kiswahili. Wa 1993 walikimbia vita iliyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba. Makubaliano ya amani ya Arusha ya Agosti 2000 yakafungua njia ya kurudi, na wengi wakarudi. Halafu Aprili 2015 Rais Pierre Nkurunziza akateuliwa kugombea muhula wa tatu, na watu wakaanza tena kufunga mizigo.

Wimbi hilo la 2015 nililiona kwa macho yangu. Wengi waliingilia Kagunga, kijiji cha wavuvi kwenye ncha ya kaskazini ya mwambao wetu wa Tanganyika, milima mgongoni na ziwa mbele. Barabara haikuwepo, gati pia haikuwepo. Makumi ya maelfu ya watu walilala kwenye ule ukanda mwembamba wa mchanga, maji ya kunywa yakiwa yale yale ya kuogea, na Mei kipindupindu kikaingia. Njia kuu ya kutoka ilikuwa MV Liemba, meli iliyoundwa na Wajerumani mwaka 1913, ambayo ilikuwa inabeba watu kama 600 kwa safari. Mitumbwi iliwapeleka hadi ubavuni mwa meli, wakapandishwa mmoja mmoja, bibi vizee wakishikwa makwapa. Kigoma mjini walishukia uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, kisha mabasi hadi Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo. Nyarugusu ikafurika. Oktoba mwaka huo kambi ya Nduta ikafunguliwa tena, na Januari 2016 ya Mtendeli.

Sasa kurudi. Misafara ya kurejesha watu kwa hiari ilianza Septemba 2017, na tangu hapo zaidi ya watu 200,000 wamerejea Burundi kutoka Tanzania, Rwanda na nchi nyingine. Mtu anayetaka kurudi huenda kwenye dawati, anahojiwa, jina lake linaingizwa kwenye orodha. Siku chache kabla ya safari anahamia kituo cha kuondokea. Anapimwa afya, na mwenye mimba kubwa anabakizwa. Mizigo inapakiwa kwenye malori jioni, watu wanapanda mabasi alfajiri. Wa Nyarugusu hupita Manyovu, mpakani. Ng'ambo kuna kituo cha mpito, kuna uji, kuna fedha kidogo mkononi na chakula cha miezi mitatu, kisha kila familia inapelekwa kwenye tarafa yake.

Jioni ya kupakia ndiyo niliyoipenda, kama neno kupenda linafaa. Mzigo wa mtu unakueleza mengi kuliko fomu yake. Niliwahi kuona mlango wa mbao umefungwa juu ya lori, bawaba zake zikiwa bado na misumari. Mwenyewe alinieleza kwamba mbao kule ni ghali na mlango huu aliutengeneza kwa mikono yake Nduta, kwa nini auache? Huyo nilijua anakwenda kukaa. Lakini ukiona baba anapanda peke yake na begi dogo, mke na watoto wamebaki kambini, basi huyo anakwenda kuchungulia. Na wanawake karibu wote walikuwa na fundo kwenye ncha ya kitenge. Mwanzoni nilidhani ni pesa. Zilikuwa mbegu za maharage.

Hapo ndipo swali la mama lilipoanza kunisumbua.

Burundi ina misimu mitatu ya kilimo. Agatasi hupandwa Septemba hadi Oktoba mvua zinapoanza, na maharage yake huvunwa Desemba na Januari. Impeshi hupandwa Februari na Machi, huvunwa Juni. Wa tatu, ici, ni wa kiangazi, na hulimwa mabondeni penye maji, kwa hiyo ni wa mwenye bonde. Sasa hesabu na mimi. Mtu akishuka basi mapema Septemba na chakula cha miezi mitatu, anapanda mara moja. Mwishoni mwa Oktoba anaanza kuchuma majani ya maharage, umushogoro, ambayo ni mboga nzuri kuliko watu wa mjini wanavyodhani. Gunia likiisha mwanzoni mwa Desemba, maganda yanakaribia kukomaa. Atabana mkanda wiki kadhaa, lakini atavuka. Na watoto wake wataanza shule pamoja na wenzao, maana mwaka wa shule Burundi huanza Septemba, na kambini walikuwa wanasoma mtaala wa Burundi huo huo.

Mtu huyo huyo ashuke katikati ya Novemba. Agatasi imempita. Kama shamba lake lipo, mtu mwingine kashapanda humo, na aliyepanda ndiye atakayevuna, hata kama ni shemeji na hata kama mwenye shamba kasimama pembeni anatazama. Gunia linaisha katikati ya Februari, wiki ile ile ambayo impeshi inatakiwa kuingia ardhini. Mbegu iko kwenye fundo na sufuria iko tupu. Utapanda au utapika? Hata ukipanda, mavuno ni Juni. Kuanzia Februari hadi Juni ni miezi minne, na ndani ya hiyo miezi minne hakuna kitu chochote kwenye mpango wetu.

Miezi mitatu ya msaada inahesabiwa kutoka kwenye ngazi ya basi. Njaa haihesabiwi hivyo.

Nilipeleka jambo hili ofisini. Shirika nililokuwa nafanyia kazi lilikuwa na lengo la idadi ya watu kwa kila msafara, na lengo hilo lilifuata fedha, na fedha zilifuata kalenda ya watu walio mbali sana na Kibondo. Nikapendekeza kwamba wa Novemba wagawiwe kwa awamu mbili: sehemu wakifika, sehemu Februari pamoja na mbegu. Nikaambiwa wazo zuri, tatizo ni ufuatiliaji, mtu akishafika kilimani kwake nani atampata tena? Labda walikuwa na haki. Ila fomu yetu ya kurasa kadhaa iliuliza kama una baiskeli, na haikuuliza kama shamba lako lina mtu ndani. Na mimi niliijaza fomu hiyo mamia ya mara bila kuongeza mstari pembeni kwa kalamu.

Kuhusu shamba lenyewe ningeweza kuandika siku nzima. Waliokimbia 1972 na kurudi baada ya miaka zaidi ya 30 walikuta mashamba yao ya michikichi Rumonge na Nyanza-Lac yana watu wengine, wengine wakiwa wamegawiwa na serikali yenyewe, na sheria ya ardhi ikimlinda aliyekaa miaka 30. Mwaka 2006 iliundwa tume ya ardhi na mali, CNTB, isuluhishe. Kuna walikogawana shamba nusu kwa nusu, kuna walikopelekana mahakamani miaka na miaka. Wa 2015 hawana shida ya namna hiyo. Walikaa nje muda mfupi na mipaka bado inakumbukwa. Shida yao ni ufinyu. Shamba la familia mara nyingi halifiki nusu hekta, na ndugu waliobaki hawakukaa wakiliangalia tu.

Anayeumia zaidi ni mjane. Burundi haina sheria ya mirathi inayompa mwanamke ardhi. Mambo yanakwenda kwa mila, na mila inamkatia mwanamume. Mwanamke aliyeondoka na mume akarudi bila mume anafikia kwa mashemeji, na kukaa kwake kunategemea watoto wa kiume na roho za watu. Nimeona mashemeji waliompokea mjane kwa vigelegele na kumpimia kipande siku ya pili. Nimeona pia waliomwuliza huku mizigo bado iko barabarani: cheti cha ndoa kiko wapi?

Narudi kwenye hiari, niliahidi. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 kuhusu wakimbizi unasema wazi kwamba asirejeshwe mtu kinyume cha matakwa yake. Sijawahi kumwona mtu akisukumwa kupanda basi letu. Lakini mwaka 2019 masoko ya kambini yalifungwa, serikali mbili, ya Tanzania na ya Burundi, zikatangaza kwamba watu watarejeshwa wawe wanataka au hawataki, na kutoka kambini bila kibali ni kosa. Juni 2023 mgao wa chakula ulishuka hadi nusu kwa sababu wafadhili hawakuchanga. Ukimzimia mtu jiko kila siku, siku akiondoka usiseme ameaga. Pale dawatini nilikuwa nauliza, "Kwa nini umeamua kurudi?" na jibu la kawaida lilikuwa, "Nimechoka." Fomu haikuwa na kisanduku cha kuchoka. Tuliandika "hali nyumbani imeboreka". Kwa kweli wapo wengi ambao kwao ilikuwa imeboreka, na walirudi wakiimba, sitaki kuwafuta hao. Ila fomu zao na za waliochoka zilifanana.

Mama mmoja namkumbuka kuliko wote. Mjane, watoto watatu, fundo la mbegu kwenye kitenge cha kijani. Aliondoka kwenye msafara wa Novemba. Mwishoni mwa Machi nilikuwa napita kijiji kimoja cha Kakonko, nikakiona kitenge kile kwenye shamba la mihogo. Alikuwa kwenye mstari na vibarua wengine, anapalilia. Vibarua wa Kirundi wapo kila mahali upande wetu, tangu zamani. Wanavuka, wanalima, wanarudi. Nikasimamisha pikipiki.

Alinitambua kabla sijasema neno. Nikamwuliza, sauti chini, kama amekimbia tena, maana kama amekimbia kuna watu wa kuwaambia, ingawa nilijua kumrudisha kwenye orodha ya kambi isingekuwa rahisi.

"Sijakimbia, kaka yangu," akasema. "Nyumbani ni kuzuri. Shemeji amenipa sehemu, watoto wako kwa bibi yao. Nimekuja kutafuta hii miezi minne tu."

Nikauliza ile mbegu iko wapi. Akanyoosha kidole tumboni, akacheka.

Kumbe chakula kiliisha Februari kama hesabu inavyosema. Shemeji alimwachia kipande baada ya kuvuna, tena kipande cha mtelemko mzuri, lakini wakati huo hapakuwa na kitu cha kupanda, na mbegu dukani ilikuwa imepanda bei kama kila mwaka wakati wa impeshi, kila mtu akiitafuta. Akaiacha ardhi wazi. Akavuka mpaka kwa miguu.

Mwenye shamba, Muha mwenzangu, alikuja akidhani nimekuja kuwakamata watu wake. Tulipoelewana akanieleza kwamba huyu mama ana masharti. Wenzake wanalipwa fedha kila jioni, yeye amekataa fedha, anataka alipwe maharage, tena yale mekundu madogo na yasiwe yaliyotobolewa na wadudu. Yalikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga, limefungwa kwa nailoni, chini ya mti pamoja na kandambili zake.

"Haya si ya kupika," akaniambia. "Ni ya Septemba."

Nikamwuliza kama yatafika Septemba bila kuliwa. Akalitazama kopo, akanitazama mimi, akarudi kwenye mstari wake maana wenzake walikuwa wameshamwacha nyuma.