Patasi za Kerezo: Dhana Potofu Kuhusu Tupa Kuukuu, Moto na Makali

Dhana inayostahili kusahihishwa kabla ya nyingine zote ni ile isemayo kwamba tupa kuukuu, ikisagwa ncha na kutiwa mpini, huwa patasi nzuri ya kerezo, yaani mashine inayozungusha mti ili uchongwe, kwa kuwa chuma chake ni kigumu. Ni kigumu kweli, na hapo ndipo hatari ilipo. Tupa hukazwa kwa moto ili iweze kukwaruza chuma kingine, na ugumu huo huja pamoja na wepesi wa kuvunjika kama kigae. Isitoshe, kila jino lake laweza kuwa mwanzo wa ufa. Makali yakinasa ghafla kwenye mguu wa kitanda unaozunguka, nguvu yote hukusanyika pale patasi inapolalia egemeo, tupa ikakatika na kipande kikarukia uso wa fundi. Asiye na fedha za seti nzima, afadhali anunue bobari moja (patasi yenye makali yaliyopinda kama mfereji) na patasi moja ya kukwangua zilizotengenezwa kwa ajili ya kerezo, kuliko kumiliki tupa kumi.

Vivyo hivyo, si kweli kwamba bobari pana ya kuparia miguu ya meza hufaa pia kuchimba bakuli. Katika mguu wa meza nyuzi za mti hulala sambamba na mhimili wa kerezo, ilhali katika bakuli kwa kawaida hukingama, hata makali yakapambana na ncha za nyuzi mara mbili katika kila mzunguko. Msuka wa bobari pana, yaani sehemu inayoingia ndani ya mpini, huwa mwembamba, nao waweza kukatika kwa mishtuko hiyo.

Wapo wanaoamini kwamba rangi ya buluu inayotokea wakati wa kusaga ni doa la juu tu, na wapo wanaodhani kwamba kila patasi ikipata buluu imekufa. Jibu hutegemea chuma. Chuma cha kaboni hupata buluu kwenye joto la karibu digrii 300 za Selsiasi, na kikifika hapo ugumu wa makali umeshapotea. Kukichovya majini hakuurudishi, bali inabidi kusaga polepole hadi kuipita sehemu iliyolegea. Patasi yenye maandishi ya HSS, yaani chuma cha kasi (high-speed steel), hustahimili zaidi ya digrii 500, hivyo buluu haiidhuru, ila kuichovya majini ikiwa ya moto sana kunaweza kuitia nyufa ndogo zisizoonekana. Maandishi yakiwa yamefutika, tazama cheche: za chuma cha kaboni hung'aa na kupasuka kama nyota, za HSS ni chache na nyekundu iliyofifia.

Makali membamba kuliko yote si bora kwa kila kazi. Bobari ya miguu hufanya kazi vizuri makali yake yakisagwa kwa pembe ya digrii 35 hadi 40, ya bakuli kwenye 45 hadi 60, na patasi ya kukwangua kwenye 70 hadi 80. Kwenye mpingo, mti mzito unaozama majini, makali membamba mno humeguka upesi. Mtiki nao una chembe za silika, kwa hiyo patasi ikiwa butu haraka juu yake usikimbilie kulaumu chuma.

Wala kunoa mara kwa mara hakuimalizi patasi. Inayomalizwa ni ile iliyoachwa hadi ikawa butu kabisa, ikahitaji kusagwa kwa muda mrefu. Paka wino wa kalamu nene kwenye mteremko wa makali, zungusha jiwe la kusagia kwa mkono mara moja, kisha uone wino umefutika wapi: ukifutika kuanzia kisigino, yaani mwanzo wa mteremko, hadi ncha, mteremko umelingana na jiwe, na mguso mwepesi wa sekunde chache watosha.