Je, wajua kwa nini "Namshukuru bibi" haitoshi kwenye daftari la mtoto?

Mwalimu, ukitaka kufundisha shukrani na kujikubali kwa kuandika, mwambie mwanafunzi wa darasa la nne huko Rungwe, mkoani Mbeya, aandike mambo matano anayoyashukuru. Dakika tatu tu, kamaliza: uhai, wazazi, chakula, nguo, shule. Wa dawati la nyuma naye kaandika hayo hayo. Hawakunakiliana. Ni maneno waliyoyasikia kwenye sala na risala tangu chekechea, wanajua wakubwa huyapenda, na mkono unayaandika bila kichwa kushughulika.

Mtoto huanza kushukuru kwelikweli anapoona kwamba mtu fulani alimtendea jema kwa kukusudia, na kwamba jema hilo lilimgharimu. Mwaka 2014 mtafiti Jeffrey Froh wa Marekani na wenzake walichapisha kazi waliyoifanya na watoto wa miaka 8 hadi 11. Waliwafundisha kuupima wema kwa maswali matatu: je, alikusudia? Ulimgharimu nini? Umenifaa nini? Waliofundishwa hivyo waliandika kadi za shukrani nyingi kuliko wenzao.

Maswali hayo yanaingia ubaoni bila shida. Tuseme mtoto kaandika "Namshukuru bibi." Usimkosoe, muulize: siku gani? Alifanya nini? Angeweza kuacha? Yeye alipata hasara gani? Polepole sentensi inakua: "Jumatano mvua ilitukuta njiani tukitoka sokoni Tukuyu. Bibi alinifunika kitenge chake, yeye akalowa mpaka nyumbani." Hilo la kulowa ndilo somo lenyewe. Kabla ya kuulizwa, mtoto alikuwa amekumbuka kitenge tu. Na akitaka kumalizia kwa "ndaga fijo", mwache. Asante ya Kinyakyusa haiharibu insha ya Kiswahili.

Kujikubali kunafundishwa kwa njia nyingine, na hapa ndipo wengi wetu tunateleza. Tunawaimbisha darasa zima, "Mimi ni mzuri, mimi ni bora, naweza kila kitu!" Mwaka 2009 mwanasaikolojia Joanne Wood wa Kanada na wenzake walionyesha kwamba watu wazima wasiojithamini wakirudia kwamba wao ni watu wa kupendeka, hujisikia vibaya zaidi badala ya nafuu. Sababu si ngumu kuiona: moyo unajibu. Mtoto aliyepata 8 kati ya 50 kwenye hesabu akitamkishwa "naweza kila kitu", sauti ya ndani inamkumbusha zile 8.

Kiswahili kimetupa kifaa kizuri kuliko wimbo huo, nacho ni kile kiambishi -ja-. "Siwezi kugawanya" ni mlango uliofungwa. "Sijaweza kugawanya" ni kweli ile ile, ila mlango una upenyo. Mpe mtoto kiunzi hiki: "Sijaweza ..., ila najua ..." Jaza upande wa pili kwa kitu kinachoonekana, si sifa. "Sijaweza kugawanya kwa njia ndefu, ila najua kupiga bei ya sado tatu za viazi kichwani." Mpangilio nao una uzito. Ukigeuza, "Najua bei za viazi lakini siwezi kugawanya," kinachobaki masikioni ni kushindwa, maana "lakini" hufuta kilichotangulia.

Kwa uandishi huu wa shukrani na kujikubali, pindi moja la dakika 40 kwa wiki linatosha. Ikiwa kila siku, wiki ya pili tu mtarudi kwenye "uhai, wazazi, chakula". Dakika 10 zungumzeni kwa mdomo mkitumia mfano mmoja, 15 waandike sentensi tatu hadi tano, zinazobaki wasome wanaotaka. Wanaotaka tu. Ukimlazimisha mtoto kusoma kuhusu nafsi yake mbele ya darasa, wiki ijayo ataandika cha kuwafurahisha wenzake.

Daftari la uandishi huu liwe peke yake, na kalamu nyekundu isilifikie. Ukikuta "nilifulahi", acha. L na r mtazinyoosha kwenye pindi la Kiswahili. Mtoto akiona alama za kosa juu ya habari za bibi yake, anajifunza kuandika maneno rahisi anayoyajua, na ukweli unapungua. Darasa lina watoto 80? Soma madaftari 16 kwa wiki, baada ya wiki tano umewafikia wote. Andika swali moja chini, kwa mfano "Kitenge kilikauka lini?" Kwa mtoto linashinda "Vizuri sana", kwa sababu linathibitisha kuwa umesoma.

Chunga na swali unalotoa. "Mshukuru mama yako" linamchoma aliyemzika mama. "Shukuru kwa ulivyo navyo" hugeuka mashindano: mwenye sweta anaandika sweta, na asiye nalo yuko dawati hilo hilo anatetemeka kwa baridi ya Julai. Sema "mtu yeyote aliyekusaidia wiki hii", hata kama ni konda aliyemsubiri apande.

Na ukikuta mtoto ameandika kwamba anapigwa au anashikwa vibaya nyumbani, usimwambie atafute cha kushukuru. Funga daftari, mpeleke faragha kwa mwalimu wa malezi, mfikishe ustawi wa jamii, au piga 116, namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto.