Hatari baada ya kupiga mbizi si ndege peke yake

Wazamiaji wengi wanajua hawapaswi kupanda ndege mara tu baada ya kupiga mbizi. Tatizo ni kwamba wanadhani hatari ni ya ndege tu. Asubuhi wanazama na mtungi wa hewa, mchana wanapanda mlima kwa gari na watoto wakatazame mandhari.

Mwili hautofautishi ndege na gari. Chini ya maji, shinikizo hufanya naitrojeni nyingi, gesi iliyo kwenye hewa tunayovuta, iyeyuke kwenye damu na tishu, na huchukua saa nyingi kutoka. Ukipanda juu haraka, shinikizo la hewa hupungua na naitrojeni iliyobaki inaweza kufanya mapovu: viungo vinauma, ganzi inaingia, na hali ikiwa mbaya mtu hupooza. Hewa ndani ya ndege ya abiria huwa kama ya mwinuko wa mita 2,400 hivi, au chini yake. Barabara ya mlima Haleakalā, kule Hawaii, inakufikisha mita 3,055. Gari linakuzidishia hatari kuliko ndege!

Kwa ndege, mwongozo unaotumika sana ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida, na saa 18 ukizama mara kadhaa. Kwa kilele kirefu zaidi, ongeza muda. Helikopta ya watalii nayo imo kwenye hatari hii.

Watoto walioogelea juujuu kwa mrija hawahusiki. Kwa hiyo mlima uwekeni siku ya kwanza, kabla mzazi hajazama. Siku za mbizi, ufukwe, mikoko na mashua vinatosha.