Walker si mtembezi: dhana potofu kuhusu jina la wakanyaga sufu

Kwa Kiingereza cha leo *walker* ni mtembezi, na chupa ya wiski ya Johnnie Walker imewapotosha wengi kuhusu asili ya jina hilo la ukoo. Yule bwana wa kofia ndefu anayetupa hatua na fimbo mkononi alichorwa na Tom Browne mwaka 1908, na mchoro wake ulilichezea jina tu. John Walker mwenyewe alikuwa mwenye duka la vyakula huko Kilmarnock, Uskoti, tangu mwaka 1820.

Dhana: Walker wa kwanza alikuwa msafiri au mjumbe wa miguu.

Alikuwa fundi wa vitambaa. Kitambaa cha sufu kikitoka kwenye kitanda cha mfumi huwa kimelegea na kimejaa mafuta na uchafu. Fundi alikiloweka kwenye birika la maji, akatia udongo wa kunyonya mafuta na, mara nyingi, mkojo uliowekwa siku kadhaa hadi ukatoa amonia. Kisha akaingia miguu mitupu na kukikanyaga kwa saa nyingi. Kitambaa kilirudi, nyuzi zikashikana, kikawa kizito cha kuhimili baridi na mvua ya kule. Halafu kiliwambwa kwa ndoana kwenye viunzi vya mbao kikaukie hapo. Kazi ilinuka, ndiyo, lakini bila yake nguo za sufu zilizoitajirisha Uingereza zisingevalika.

Dhana: basi jina limetokana na kutembea juu ya kitambaa.

Haya ndiyo maelezo ya wajuaji, na yanakaribia ukweli bila kuufikia. Katika Kiingereza cha kale kitenzi *wealcan* kilihusu kuviringisha na kurusharusha. Maana ya kwenda kwa miguu ilishika baadaye, kwenye karne ya 13. Fundi alikuwa na jina lake, *wealcere*, kabla ya hapo. Mjerumani hadi leo huitumia *walken* kwa kazi hiyohiyo ya sufu, wala haimaanishi kutembea.

Dhana: Fuller na Tucker ni majina ya kazi nyingine.

Ni fundi yuleyule. Kusini na mashariki mwa Uingereza aliitwa Fuller, kusini-magharibi Tucker, kaskazini Walker. Mji wa Exeter, huko kusini-magharibi, bado una Tuckers Hall, jengo la mwaka 1471 la chama cha wafumi, wakanyaga sufu na wakata manyoya ya vitambaa. Watafsiri wa Biblia ya Kiingereza ya Wycliffe, karne ya 14, waliyaweka maneno fuller na walker pamoja katika Marko 9, pale ambapo Biblia ya Kiswahili inasema hakuna dobi duniani awezaye kuzifanya nguo ziwe nyeupe kiasi kile. Msomaji wetu anaweza kuteleza hapo akadhani Walker alikuwa dobi. Dobi hufua nguo iliyovaliwa. Walker wa Uingereza alikimalizia kitambaa kabla hakijafika kwa mshonaji. Siwalaumu wafasiri wetu hata kidogo, kwa kuwa katika Roma ya kale fundi huyo alifanya kazi zote mbili.

Dhana: kila aliyeitwa Walker alikanyaga kwa miguu.

Mwishoni mwa karne ya 12 vinu vya maji vilikwishaanza kuichukua kazi hiyo. Kumbukumbu za Watempla, shirika la watawa wapiganaji wa Vita vya Msalaba, za mwaka 1185 zinavitaja. Nyundo za mbao zikapiga badala ya miguu, na aliyeendesha kinu akaendelea kuitwa Walker. Kwenye visiwa vya Hebrides, Uskoti, wanawake waliendelea kuipiga sufu kwa mikono huku wakiimba hadi karne ya 20.

Dhana: akina Walker wote ni ukoo mmoja.

Hapana. Majina ya kazi yalianza kurithiwa kati ya karne ya 13 na ya 14, kila kijiji kwa fundi wake, na mtoto akalibeba jina hata kama yeye ni mwokaji mikate. Nje ya Uingereza uhusiano na kazi ni hafifu zaidi. Madam C. J. Walker, tajiri wa bidhaa za nywele wa Marekani, alizaliwa Louisiana mwaka 1867 akiitwa Sarah Breedlove, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa. Walker lilikuwa jina la mumewe, Charles Joseph Walker. Ndoa ilivunjika, jina likabaki kwenye makopo.