Ukishaovakloki prosesa, kupima ndo kazi yenyewe

Kupandisha spidi ya prosesa kupita ile ya kiwandani, yaani kuovakloki, ni kitu cha dakika tano, unaingia BIOS, ile menyu ya mipangilio kabla Windows haijawaka, unabadilisha namba, unasevu, mashine inawaka na kila mtu anafurahi. Lakini kiwandani walipima ile spidi ya kwenye boksi tu, hii mpya uliyoweka sai hakuna mtu ameithibitisha, anayepaswa kuithibitisha ni wewe. Wateja wengi wanaoniletea mashine hapa tao Nairobi, hasa watu wa kuediti video na vijana wa gemu, wananiambia fundi hii iko sawa kabisaa, nimecheza usiku mzima na haijaganda hata mara moja. Mimi gemu siihesabu kama kipimo. Gemu nyingi hazizifanyishi kori zote, zile sehemu za prosesa zinazopiga hesabu, kazi kwa wakati mmoja, na zikipata hesabu moja kombo unaweza usione chochote.

Hapo ndo pananiuma, manake watu wengi wanangoja skrini ya bluu, ile ya Windows ikianguka, ndo waamini kuna shida, na prosesa isiyo imara mara nyingi haianzi kwa kuzima, inaanza kwa kukosea hesabu kimya kimya. Unafungua faili ya zip inakataa, video uliyorenda ina fremu moja imeharibika katikati, Windows inaandika kitu kibovu kwenye SSD na wiki mbili baadaye haiwaki tena, unalaumu SSD. Mtu anayeishi kwa kuediti harusi za watu hawezi kuwa na mashine kama hiyo.

Kwa hivyo naanza na RAM kabla hata sijagusa prosesa. Ukiwasha XMP, ile setingi ya BIOS ya kupandisha spidi ya RAM, tayari umeovakloki RAM, watu husahau hilo, basi MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi imalize mizunguko yake yote bila kosa hata moja, ndo baadaye kosa likitokea nijue linatoka upande gani.

Halafu ndo Prime95, ya kuipa prosesa mzigo mzito. Hii programu ni ya George Woltman, aliyeanzisha mradi wa kutafuta namba tasa za Mersenne mwaka 1996, na inapima vizuri kwa sababu inajua majibu. Inazidisha namba kubwa ajabu kwa njia ya hesabu inayoitwa FFT, inatumia desimali, lakini jibu la mwisho lazima liangukie namba nzima, sasa inaangalia kila jibu liko mbali kiasi gani na namba nzima iliyo karibu. Mbali kabisa inayowezekana ni 0.5, na ikipita 0.4 inajua kuna kitu kimeharibika, ndo unaona kwenye dirisha la kori iliyokosea imeandika FATAL ERROR: Rounding was 0.5, expected less than 0.4, na hapo chini Hardware failure detected. Ile kori inasimama na zingine zinaendelea, mashine iko hai, mausi inatembea, muziki unacheza. Bila hiyo mistari ungeapa iko sawa. Na kipimo chenyewe ni kikali kiasi kwamba mwaka 2016 kiliwafichua hadi Intel, prosesa zao za Skylake zilikuwa zinaganda zikifanya hesabu fulani za Prime95 bila kuovaklokiwa hata kidogo, Intel wakakubali na wakaitibu kwa BIOS mpya.

Prime95 ina vipimo kadhaa. Small FFTs inakaa ndani ya kashe, ile memori ndogo iliyo ndani ya prosesa, kori hazingoji RAM hata kidogo, kwa hivyo huo ndo moto mkali zaidi. Blend inaingiza RAM pia. Napitisha zote mbili, Small FFTs kwanza huku naangalia HWiNFO, programu inayoonyesha joto na spidi, na nikiona joto linakimbilia limiti ndani ya dakika moja nazima, hakuna haja ya kuchoma kitu ndo ujue ni moto.

Sasa moto wenyewe. Joto ambalo prosesa inatoa, yaani wati, si nyuzi, linapanda sambamba na spidi, lakini kwa volteji linapanda kwa kipeo cha pili, na hapo ndo watu wanapotea. Chukua Ryzen 5 3600, prosesa ya AMD, inayokimbia 4.0 GHz kwenye kori zote kwa volti 1.20, uipeleke 4.3 GHz kwa volti 1.325. Spidi umeongeza asilimia 7.5. Joto umeongeza kama asilimia 31. Kwa hivyo volteji iwe kitu cha mwisho kuongeza, na uongeze kidogo kidogo, manake hata pale joto limekaa vizuri volteji ikizidi bado inakula prosesa pole pole. Zile Intel za kizazi cha 13 na 14 zilileta shida hiyo hiyo bila mtu kuovakloki, hadi Agosti 2024 wakatoa maikrokodi 0x129, programu ndogo ya ndani ya prosesa, ya kuzuia volteji isipande kupita kiasi.

Limiti zenyewe za joto zinatofautiana, usichukue namba ya rafiki yako. Hiyo 3600 limiti yake ni nyuzi 95, i7-8700K ya Intel ni 100, na Ryzen 7000 nyingi AMD wenyewe wamezitengeneza zifike 95 na zikae hapo zikipewa kazi nzito. Kwa hizi za zamani mimi nataka chini ya 85 kwenye Small FFTs, na kazi ya kila siku chini ya 75. Ikigusa limiti inajipunguzia spidi yenyewe, na hapo hauna ovakloki tena, una hita.

Na kuna jambo la Nairobi ambalo sioni likiandikwa. Tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama sehemu moja kwa tano, na feni inasukuma ujazo ule ule wa hewa lakini uzito ni mdogo, kwa hivyo inabeba joto kidogo. Hitisinki, kile chuma cha kupoza prosesa, iliyopimwa na mzungu mahali palipo usawa wa bahari haitakupa namba zile zile hapa, iachie nafasi. Tena angalia msimu. Ukipima Julai usiku, chumba kina nyuzi 18, unapata 78 unashangilia, halafu Machi mchana chumba cha juu chini ya mabati kinafika 29, hizo nyuzi 11 zote zinaingia kwa prosesa na hapo ushakaribia 90. Kila nikipima naandika joto la chumba kando ya joto la prosesa, namba moja bila nyingine hainisaidii.

Ikipita mzigo mzito bado sijamaliza. Ukiwa umecheza na Curve Optimizer, setingi ya AMD ya kupunguza volteji ya kila kori, mashine inaweza kumeza Prime95 kwa masaa kumi na mawili halafu ijirestati ukifungua brausa tu, kwa sababu kori moja ikiwa peke yake inapanda spidi ya juu kuliko zote zikiwa pamoja. Programu ya CoreCycler inapima kori moja moja, iache usiku kucha. Asubuhi fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, utafute WHEA-Logger, yaani makosa ya hadiwea, namba 19 ni kosa lililorekebishwa kimya kimya, na mimi hata moja silikubali. Pia piga Cinebench, programu inayoipa prosesa alama za kasi, kabla na baada, manake Ryzen ikinyimwa volteji inaweza kukuonyesha 4.4 GHz huku alama zimeshuka, kwenye HWiNFO angalia Effective Clock, yaani spidi ya kweli.

Halafu stima. Ukiacha kipimo usiku na ikapotea, asubuhi utakuta mashine imejiwasha na kwenye Event Viewer kuna Kernel-Power 41, yaani mashine ilizimika bila kufungwa vizuri, na hiyo hiyo 41 inaandikwa hata prosesa ikiwa ndo imeanguka. Fungua details uangalie BugcheckCode, kama si 0 basi ilikuwa skrini ya bluu, jilaumu wewe na namba zako. Ikiwa 0 inaweza kuwa stima au mashine ilijizima ghafla, hapo hakuna wa kukuambia ni ipi, kwa hivyo chomeka UPS na urudie usiku mzima.