Kupima mkondo wa Antaktika: usiisahau sakafu ya bahari

Mkondo unaoizunguka Antaktika ndio mkubwa kuliko yote duniani. Pazuri pa kuupimia ni Mlango-bahari wa Drake, kati ya Amerika Kusini na Antaktika, ambako unabanwa kwenye upana wa kilomita 800 hivi. Kipimo chake ni sverdrup (Sv), yaani mita za ujazo milioni moja kwa sekunde.

Kazi huanzia melini: unateremsha vihisi vya joto, chumvi na kina hadi karibu na sakafu, kituo baada ya kituo. Usiviachanishe mno vituo, kwani kule mizunguko ya maji ni midogo na utairuka bila kuiona. Vipimo hivyo vinakupa msongamano wa maji, na tofauti za msongamano kati ya vituo zinakupa mabadiliko ya kasi kutoka juu hadi chini.

Mabadiliko tu, si kasi yenyewe. Hapo ndipo wengi hunaswa, kwa kudhani maji ya chini yametulia. Kusini kule hayatulii. Mkondo unafika mpaka sakafuni. Kosea sentimita 1 tu kwa sekunde, kisha zidisha kwa upana wa mita 800,000 na kina cha mita 3,500: umepotea kwa Sv 28!

Ndiyo maana mradi wa cDrake, mwaka 2007 hadi 2011, uliweka vyombo sakafuni kabisa. Makadirio ya zamani yalikuwa takriban Sv 134. Wao walipata 173, na kama 46 kati ya hizo zilitokana na mwendo wa maji ya chini.

Chombo chenyewe hupeleka mlio juu na kupima muda wa mwangwi kurudi. Maji yakiwa na joto zaidi, sauti huwahi. Muda huo unalinganishwa na jedwali lililotokana na vipimo vya meli, na mita 50 juu ya chombo huelea kipima-mkondo kilichofungwa kwa kebo. Siwa-barafu hazikifikii huko.

Kebo ndefu zenye maboya zina shida yake: mkondo ukikaza huzilaza, na kihisi cha mita 500 huzama zaidi. Bila kipima-shinikizo cha kukuonyesha kina halisi, utaandika kwamba bahari imepoa.

Upande wa Aktiki, dira ya kipima-mkondo, inayoonyesha maji yanaelekea wapi, ndiyo inayosumbua. Karibu na ncha ya sumaku mvuto wa ulalo wa sumaku ya dunia, unaoielekeza dira, ni hafifu, hivyo hata chuma cha betri huipotosha. Ukibadilisha betri, sanifisha dira upya betri ikiwa ndani, tena karibu na eneo la kazi.