Ala ya mbao ya kisu cha jikoni

Ala ya mbao ni kifuniko kigumu kinachovalishwa bapa la kisu, kuanzia nchani hadi karibu na mpini, ili makali yasigongane na vijiko wala yasimjeruhi anayepapasa ndani ya kikapu. Mama anayeuza nyama au mboga katika soko la Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, anaihitaji kuliko mtu yeyote, maana kitambaa au gazeti hutobolewa upesi na ncha, tena hutunza unyevu unaotia chuma kutu.

Si kila kibao chenye mwanya kinastahili kuitwa ala. Ala ya kweli hukishika kisu kwenye mbavu zake, karibu na mpini, huku makali yakibaki bila kugusa kitu. Kwa hiyo fundi hukilaza kisu juu ya kibao kimoja kati ya viwili, nyuzi za mbao zikifuata urefu wa bapa, kwa sababu mbao hutanuka na kusinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Huchora umbo lake kwa kalamu ya risasi, kisha huchimba kwa patasi, kina kikiwa kikubwa upande wa mgongo na kikipungua kuelekea kwenye makali, ambako shimo hupita mstari uliochorwa kwa milimita 2 au 3. Kabla ya kuunganisha vibao, bapa hupakwa vumbi la makaa na kubanwa kati yake. Panapoonekana weusi ndipo mbao inaposugua, na hapo hapo ndipo pa kukwangua, kidogo kidogo.

Uchaguzi wa mbao una uzito uleule. Mkaratusi umejaa vilimani, lakini hupinda unapokauka, na tanini yake, yaani maji yake makali, hukiachia madoa meusi kisu cha chuma kisicho cha pua. Msonobari wenye utomvu hunata. Mimi ningechagua mbao ya mti wa gravilea iliyokauka kabisa. Japani, ambako kazi hii imeheshimiwa tangu zamani, mafundi hupenda mbao laini ya magnolia, na ala za panga za vita waliziunganisha kwa uji mzito wa wali ili ziweze kupasuliwa na kusafishwa ndani.

Kwetu gundi ya mbao inatosha, mradi isichuruzike ndani. Vibao hufungwa kwa vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, vikavutwa kwa nguvu mpaka gundi ishike. Nje hupakwa nta ya nyuki, wala si mafuta ya mawese, ambayo hayakauki na mwishowe huchacha. Ndani hapapakwi kitu. Tundu dogo nchani huruhusu hewa kupita, ila halimwondolei mwenye kisu wajibu wa kukifuta kikauke kabla ya kukirudisha, hasa kuanzia Septemba, mvua zinaporejea Kivu.